Ukungu Kati ya Galaksi Mbili

Walikutana duka la kuchapa picha, foleni imefika mlangoni, watu wanasukumana. Binti, gauni la kijani limemkaa barabara, alikuwa anasomea mambo ya nyota. Kijana wa mashine alikuwa na wino mpaka sikioni.

"Una wino sikioni," binti akamwambia.

"Basi nipanguse," akajibu, macho makavu. Akapanguswa! Mapenzi yakaanzia hapo hapo, na foleni ikanuna.

Baadaye binti akamletea picha ya galaksi mbili zilizo mbali mno. Kesho yake angesimama mbele ya jopo la wataalamu wa nyota. Wakimkubali, amepata kazi ya utafiti.

"Ichape kubwa, mpenzi. Maisha yangu yote yamo humo."

Katikati ya galaksi zile kulikuwa na ukungu mwembamba uliopinda. Kijana akadhani ni doa. Akaufuta kwenye kompyuta, polepole, kwa mapenzi yake yote, kisha akachapa. Masikini, hakujua! Ukungu ule ulikuwa nyota zinazovutwa kutoka galaksi moja kwenda nyingine, na binti ndiye aliyeugundua.

Asubuhi binti akaikunjua picha mbele ya jopo. Ukungu haumo!

"Huo ukungu uliotuandikia uko wapi?" mwenyekiti akauliza. "Au umeubuni?"

Binti akaomba dakika moja, akatoka kupiga simu.

"Umefuta nini kwenye picha yangu?"

"Kidoa tu, laazizi. Nilitaka ipendeze..."

"Hicho kidoa ndicho kazi yangu! Wananiona mwongo! Usinipigie tena."

Akakata. Kijana akachapa upya picha ya awali, akatoka mbio na aproni yake, bosi anafoka nyuma. Akaingia ukumbini bila hodi, binti akiwa amerudi mbele ya jopo, bado anajitetea.

"Samahanini, wazee wangu. Niliufuta mimi. Yeye hana kosa. Picha yake halisi hii hapa."

Mwenyekiti akavua miwani, akaiinamia picha.

"Upo," mzee akasema hatimaye. "Endelea kutueleza, binti yangu." Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe ni nani wake, hata uvamie kikao?"

Kijana akaitazama aproni yake. Ameachwa sasa hivi, aseme nini? Akaanza kurudi nyuma, kuelekea mlangoni.

"Mchumba wangu," binti akasema, bado ana hasira, machozi yanamtiririka. "Hajaniposa. Ataniposa leo, na asipofanya hivyo, atanikoma."