Ujumbe Uliojituma Wenyewe

Magari ya yadi hayawekwi mafuta ya kutosha hata siku moja. Ndiyo maana lile jeupe lilizimika katikati ya kituo cha mafuta, Jumamosi, watu wamefurika, honi kila upande.

"Wee dada, ondoa hilo kopo!"

"Kopo ni hilo unaloendesha wewe!"

Dada alivaa gauni la njano, viatu virefu kavishika mkononi, jasho linamtiririka shingoni. Kazini wanamwita Bosi Mdogo, maana yadi hiyo ya kuuza magari ni ya shangazi yake. Akaanza kusukuma peke yake, kwa hasira. Mara gari likawa jepesi. Kugeuka, anamwona kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikapigika, begi la kompyuta mgongoni, anasukuma huku anacheka.

"Unacheka nini?"

"Nasoma kioo hapa. Limeandikwa LINAUZWA. Kwa kasi hii?"

"Na wewe unauza nini? Meno?"

"Programu za kutunza wateja, mrembo."

Kijana akapewa namba. Ya kazi tu, alijidanganya Bosi Mdogo.

Na kazi kweli ilikuwepo. Pale yadini wateja wengine walikuwa kwenye simu yake, wengine kwenye simu ya fundi, wengine kichwani kwa Shangazi. Kuna mteja alipigiwa na wote watatu siku moja, gari lilelile, kila mmoja na bei yake. Akaenda kununua kwingine. Shangazi alifoka mpaka miwani ikamdondoka.

"Nataka programu! Mteja mmoja, sehemu moja, bei moja! Chagua wewe, na ukikosea usiniite shangazi!"

Zikabaki mbili za kujaribu. Moja ya mzee fulani mwenye tai, anaongea taratibu mpaka unasinzia. Nyingine ya Mtaalamu, ndivyo alivyombatiza yule kijana. Na hapo mapenzi yalishashika moto, jamani! Kila asubuhi, saa moja kamili, ujumbe unaingia: "Bila sauti yako siku yangu haianzi, kipenzi." Maneno yanabadilika, saa haibadiliki. Bosi Mdogo anabusu simu mpaka kioo kinaingia ukungu.

"Mwanaume hajasahau hata siku moja!" alimtambia fundi.

Basi, wakaanza kuijaribu programu ya Mtaalamu. Namba za wateja zote zikaingizwa, hata ya fundi. Kesho yake Bosi Mdogo anafika kazini, anakuta mama mmoja kasimama getini na mkoba wake mkubwa, mumewe nyuma kajikunyata. Mume huyo ndiye aliyekuwa aje kulipia gari la bluu siku hiyo.

"Bosi Mdogo ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu…"

"Usinikaribishe! Wewe ndiye siku yako haianzi bila sauti ya mume wangu?"

Akasukumiwa simu puani. Maneno yaleyale! Kipenzi na kila kitu, na chini jina lake, Bosi Mdogo wa yadi.

"Mke wangu, mimi nilitaka gari tu…"

"Gari gani! Twende!"

Wakaondoka. Fundi akachungulia kutoka chini ya boneti. "Hata mimi nimeupata, dada. Nimeshakujibu."

Mtaalamu alipoitwa alikuja anatabasamu. Tabasamu likafia mlangoni.

"Nilisahau kitu kidogo," alisema huku anabonyezabonyeza kompyuta. "Ule ujumbe wa asubuhi nilikuwa nimeupanga humu kwenye programu uende kwako tu. Wateja walipoingizwa, ukawaendea wote, na programu ikatia jina lako chini."

"Umeupanga?" Sauti ya Bosi Mdogo ilishuka, na hapo ndipo ilipotisha. "Kwa hiyo asubuhi zote zile ilikuwa mashine?"

"Maneno ni yangu! Naandika Jumapili, ya wiki nzima. Asubuhi mimi nalala kama gogo…"

"Nimebusu mashine! Umeniweka foleni moja na wanunuzi wa magari!"

"Mpenzi…"

"Usiniite mpenzi, hujapanga saa!"

Alichagua programu ya mzee wa tai. Mtaalamu akapiga simu, haikupokelewa. Jioni akatokea mwenyewe, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Umeninyima mkataba kwa hasira!"

"Kwa akili. Ya mzee haitumi kitu mpaka mtu abonyeze. Yako ingeniozesha kwa fundi."

Mtaalamu akashusha begi lake chini. "Kweli. Hata mimi ningechukua yake."

"Sasa mkataba huna. Umefuata nini hapa?"

"Nimekufuata wewe! Bosi wangu kanitukana, nimekasirika mpaka kichwa kinauma, na miguu imenileta hukuhuku! Mimi ni msahaulifu. Nasahau hata siku niliyozaliwa. Niliogopa ukijua utaniacha."

"Nani kakwambia nataka mwenye kukumbuka? Nilitaka ubonyeze wewe!"

Bosi Mdogo akachukua mkoba wake. "Kesho asubuhi piga. Kwa kidole chako. Usipopiga, usinijue."

Kesho yake saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Saa nne alikuwa anabamiza milango ya magari mpaka Shangazi akauliza kama anayauza au anayaua. Mchana, anamwonyesha mteja injini, simu ikaita.

"Kwenu asubuhi ndiyo hii?"

"Nilisahau." Alikuwa anahema, nyuma yake honi tupu. "Nimekumbuka nikiwa ofisini kwa watu, nimewaacha wanashangaa, nimeshuka ngazi mbio. Nitukane tu."

Akamtukana. Mjinga, gogo, kichwa maji, mvivu asiye na haya! Mteja kashika mlango wa gari, hajui akae au akimbie.

"Umemaliza, mpenzi?"

"Bado! Hebu sahau tena kesho, uone!"

Akampa mteja mgongo haraka, asimwone anavyocheka.