Kanuni Iliyong'ara Kwenye Kompyuta ya Khatibu

Ndugu zangu wa Bertrams, Malvern na popote mnapoisoma habari hii, mimi ni Zabibu, muuza vitenge wa Marshalltown, hapa Johannesburg. Nataka kuwasimulia habari ya nyumba moja ninayoijua vizuri, ya mwalimu Khatibu na mkewe Nusaiba. Nitaisimulia kwa majivuno, na anayechukia majivuno yangu anisamehe, maana mfuko wetu wa uwekezaji ulizaliwa sebuleni kwao.

Kila Jumapili mchana tulikaa pale, kelele za uwanja wa mpira zikiingia dirishani, Nusaiba akitumiminia chai ya tangawizi. Khatibu alikuwa akisomesha hesabu Tanga kabla ya kuja huku kulinda mageti ya watu. Zamu zilipokuwa shwari alijifunza kompyuta peke yake, akaiandikia kanuni: isome bei za dhahabu, mahindi na sarafu kila siku, inunue kidogo kidogo kile kinachopanda kwa muda mrefu, iuze kinachoshuka, na isisikilize hofu wala tamaa ya mtu. Kompyuta ile tukaipa jina la Karani. Mwaka 2015 tulianza watu tisa, Watanzania na Wakongo, na wakili akatuandikishia mfuko kisheria.

Sharti letu lilikuwa moja, na sidhani kama wenye suti wanalo. Karani habadilishwi hata nukta mpaka badiliko lielezwe kwa Kiswahili kikaoni, na yule aliyesoma kidogo kuliko wote aweze kulirudia kwa maneno yake mwenyewe. Huyo alikuwa Murielle, msusi wa Jules Street, mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Khatibu alitoka jasho kumwelewesha, nasi tukicheka.

Mwaka 2020 dunia ilipofungwa na bei kuporomoka, Karani alikuwa ameshauza mapema. Watu wakubwa walilia, sisi wasusi na walinzi tukabaki wima. Niliporudi kwenye meza yangu ya vitenge nilitembea kama mke wa waziri, nawaambieni kweli.

Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Watu walianza kumwita Khatibu Profesa. Akaalikwa kuhutubia, akapigwa picha, akakodi ofisi ghorofa ya tisa Marshalltown. Vikao vya kila Jumapili vikawa vya kila mwezi, kisha vikafa. Tukimuuliza alisema, "Bi Zabibu, hizi ni hesabu za juu, nitawachosha bure." Kosa letu nalo nalikiri: tulifurahi kuwa na mtu wa hesabu za juu, tukaacha kuuliza.

Nyumbani alikula macho yakiwa kwenye kompyuta. Mwanawe Luqman akimletea ripoti ya shule, baba aliitikia "sharp", yaani sawa, bila kugeuza shingo. Alikuwa akisaka kanuni mpya itakayomshinda Karani. Aliijaribu kwa bei za miaka ishirini iliyopita, ikashindwa, akaibadilisha kidogo, akajaribu tena. Mwisho akapata moja iliyong'ara. Katika miaka yote ile ishirini haikupata hasara hata mwaka mmoja. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kudanganywa na kitu alichokitengeneza mwenyewe?

Akaianzisha kwa fedha za nyumbani kwake, akiba ya miaka kumi na moja ya kununua nyumba ile waliyokuwa wakiishi kwa kodi. Mkewe hakuambiwa. Katika miezi mitatu akiba ikaisha karibu yote. Nusaiba alijua siku mwenye nyumba alipomwuliza mbona malipo ya kwanza ya kuinunua hayajafika. Alimfuata mumewe chumbani, na haya mazungumzo alinihadithia mwenyewe.

"Baba Luqman, fedha ya nyumba iko wapi?"

"Iko kazini. Jumatatu naingiza mfuko wote kwenye kanuni mpya. Itarudi."

"Mfuko wa watu?"

"Kanuni ni sahihi, Nusaiba. Soko ndilo lililokosea."

Nusaiba hakupiga kelele. Alichukua simu ya mumewe akatuita sote tuje Jumapili, siku moja kabla ya Jumatatu hiyo. Khatibu alishtuka kutuona mlangoni, lakini hakuweza kutufukuza. Akatuonyesha kwenye kompyuta mstari wa faida uliopanda bila kuyumba, na watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, wameridhika. Murielle akanyoosha mkono.

"Papa Khatibu, miye sikusoma mingi. Ulijaribu kanuni ngapi mbele ya kupata hii?"

"Nyingi. Ndiyo kazi ya utafiti."

"Ngapi?"

Khatibu aliangalia kwenye kompyuta. "Mia nne na kumi na mbili."

"Bon, sawa. Miye nikisuka vichwa mia nne, nipige picha kile kimoja kilitoka muzuri, nikiweke ku ukuta, muteja atafikiri vyote vinatokaka vile. Si niko namudanganya?"

Khatibu alikuwa mwalimu wa hesabu, na jibu alilijua kuliko sisi sote. Akaketi. Kisha, mbele ya watu aliosema angewachosha bure, akasema fedha ya nyumba imekwisha na kesho yake alikusudia kutumbukiza yetu. "Nilichagua bahati nikaiita akili," alisema. "Nisamehe, Mama Luqman."

Mfuko ulipona. Nyumba haikupona. Ilinunuliwa na watu wengine, na Khatibu, mkewe na watoto wakahamia vyumba viwili Malvern. Nilimsaidia Nusaiba kufunga vyombo, na katika siku ile nzima hakusema neno na mumewe. Iliniuma sana. Lakini vikao vimerudi, wanachama sasa ni zaidi ya mia, na funguo za Karani wanazishika watatu, Nusaiba akiwa mmojawapo. Na Khatibu namwonea fahari leo kuliko enzi za Uprofesa, kwa kuwa wasomi wanaokubali kusahihishwa na msusi sijawaona wengi.

Mafunzo

Ndugu zangu, elimu ni fahari yetu, na mtu wetu akipanda tumpigie makofi. Ila tusiache kumwuliza, hata swali likionekana la kijinga. Nawe msomi, ukiona umeanza kuudhika kwa kuulizwa, ujue umeshaharibikiwa. Siku hiyohiyo nenda nyumbani ukamwambie mkeo ukweli, kabla hajausikia kwa mwenye nyumba.