Anayejibu Badala ya Mama

Siku ya pili baada ya dozi ya tatu, mama alikuwa bafuni ameinamia beseni anatapika, na wakati huohuo sauti yake ikasikika kutoka chumbani: "Sijambo kabisa, nashukuru." Jirani aliyekuja kumjulia hali aliridhika, akaenda zake. Binti, aliyekuwa ameshika beseni, alimtazama mama yake. Mdomo wa mama ulikuwa umejaa nyongo. Haukuwa umesema neno.

Mama alikuwa msusi. Kwa miaka kumi na minne vichwa vya mtaa mzima vilipita kati ya magoti yake, na umbea wote ukapitia hapohapo. Sasa kichwa chake mwenyewe kilikuwa kitupu kama kiganja. Saratani ilikuwa kwenye titi, zilibaki dozi tatu za dripu, na binti alikuwa ameacha shule ili amuuguze. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba hata moja isikosekane.

Kilichomchosha mama kuliko dawa ni wageni. Walikuja na machungwa na nasaha. Akisema anaogopa, walimwambia anajitabiria mabaya. Akilia, walimwambia anamvunja moyo mtoto. Kinara wao alikuwa shangazi, dada wa marehemu baba, aliyehamia pale kuwasaidia.

"Jikaze kisabuni, wifi."

"Sabuni nayo huisha, wifi yangu."

Shangazi hakucheka. Basi mama akajifunza kusema hajambo, mara ishirini kwa siku, huku akimeza yote aliyotaka kusema. Na kila alipomeza, harufu ya chuma kilicholowa spiriti ilitoka chumbani, ambako hapakuwa na mtu.

Wiki iliyofuata, mchana wa jua kali, binti alisikia kitana kikipita kwenye nywele ndefu, taratibu, kikikwama kwenye mafundo na kuvutwa kwa nguvu. Alisukuma mlango. Mama alikuwa ameketi wima mbele ya kioo, upara wake uking'aa, na kitana kilikuwa kinapita hewani, shubiri moja kutoka kichwani, na hewa ilikuwa inakwaruza. Macho yake hayakupepesa.

"Nimepona, mwanangu," alisema kwa utamu. "Hospitali siendi tena."

Tangu hapo alikula vizuri, akawashukuru wageni, akatabasamu. Ni mara chache tu, kama mtu aliyeibuka majini kuvuta pumzi, mama alirudi akipiga kelele kwamba atolewe humo, hataki kufa, na waondoke na machungwa yao. Shangazi akasema kwa kunong'ona kwamba wifi yake amepandwa na jini. Akamwita tabibu wa kienyeji.

Tabibu aliuliza jini hupanda saa ngapi. Shangazi akamjibu kwamba ni pale anapopiga kelele na kuwatusi wageni.

"Shangazi," binti alinong'ona, "jini ni huyu anayetabasamu."

"Nyamaza. Mtoto gani anapenda mama yake awe kichaa?"

Basi tabibu akafukiza ubani, akasoma, akaamrisha, na binti akasimama pembeni akiona mama yake, mama wa kweli, akipapasa hewa kwa vidole vile vilivyosuka vichwa vya mtaa mzima, akiita jina la mwanawe, akizama huku wakimshangilia anayemzamisha, mpaka sauti ikafifia, macho yakatulia, na lile tabasamu likapanda usoni taratibu kama maji yanavyopanda kisimani. Tabibu alikusanya vitu vyake. Shangazi alimshukuru Mungu. Dozi ya nne ilikuwa kesho yake asubuhi.

Binti alifunga mlango kwa komeo, wao wawili ndani.

"Hujambo, mwanangu?" lilimuuliza lile tabasamu.

Binti naye alikuwa ameshazoea kujibu vizuri. Safari hii hakujibu vizuri. Alisema ana hasira. Ana hasira na ugonjwa, na madaftari yake yaliyo chini ya kitanda, na kila aliyemwambia ajikaze. Alisema usiku huhesabu pumzi za mama, na siku nyingine hutamani yaishe, kisha hujichukia. Alisema mpaka koo likamkauka, huku shangazi akigonga mlango, na kadiri alivyosema tabasamu lilitetemeka, likachanika pembeni, harufu ya chuma ikajaa mpaka ikauma menoni, kitana kikaruka ukutani kikavunjika, na kutoka chini kabisa ya kifua kile kikapanda kilio kibaya, kirefu, cha mama.

"Na mimi," mama alisema alipopata pumzi. "Na mimi nina hasira, mwanangu."

Walilia pamoja mpaka giza likaingia. Asubuhi walikwenda.

Kwenye chumba cha dripu muuguzi alimuuliza hali. Mama akamwambia ni mbaya, hajalala, anaogopa, na ayaandike yote hayo. Muuguzi aliandika.

Kwenye kiti cha pili alikaa mzee mmoja amezungukwa na wanawe.

"Baba yetu ana subira," mmoja alijisifu. "Hajalalamika hata siku moja."

Mzee alitabasamu. Hakupepesa macho. Binti alisikia harufu ile, akainuka, akamsogelea, akamuuliza polepole iwapo anaogopa.

"Sijambo kabisa, binti," mzee alijibu, kwa sauti ya mwanamke.

Nyuma ya binti, mama alishika mti wa dripu, akasimama.

"Hiyo sauti ni yangu," alisema, akaanza kumwendea mzee.