Alisifia Wimbo Asiousikia

"Ule mwisho wake, Mama Sauti, ndio ulionimaliza kabisa."

Mama Sauti aliweka kikombe chake cha chai mezani taratibu.

"Mwisho upi?"

"Wa muziki wako! Ule ulionitumia juzi. Pale unapopanda, unapanda, halafu unashuka polepole... Nilibaki nimeduwaa kama mtoto."

"Uliusikiliza wote?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Nilifunga duka, nikavaa hedifoni, nikafumba macho."

"Na katikati je?"

"Katikati usiseme! Zile ngoma zilivyoingia, hee! Mwili ulinisisimka."

Aliyekuwa akimwaga sifa hizi watu walimwita Bwana Miwani, kwa sababu alikuwa na duka la kupima macho na kuuza miwani. Alikuwa mgane, umri wa kuoza wajukuu, mpole, mashati yake yamepigwa pasi hadi ndani ya kola. Wiki iliyopita alikuwa amekaa kwenye kochi hili hili akamwambia Mama Sauti kwamba anataka kumuoa. Mama Sauti, mjane mwenye mtoto mmoja mkubwa, hakukataa wala hakukubali. Alimwambia tu:

"Kwanza nisikilize. Nimemaliza kazi yangu kubwa kuliko zote. Isikilize, uniambie umeionaje, ndipo nikujibu."

Sasa Mama Sauti alichukua simu yake, akafungua faili lile lile alilomtumia, akapandisha sauti hadi mwisho, akaiweka katikati ya vikombe viwili.

Kimya.

Wakasubiri. Friji ilinguruma kule jikoni. Mtoto wa jirani aliitwa akaoge. Kwenye simu, kimya.

"Simu yako ina tatizo?" Bwana Miwani aliuliza.

"Haina. Faili ndilo tupu. Nilikosea wakati wa kulihifadhi, na nimegundua leo asubuhi. Nilikuita nikuombe radhi, nikutumie lililo sahihi." Akamtazama juu ya miwani yake. "Sasa niambie, baba. Hizo ngoma ulizisikia wapi?"

Jasho lilimtoka Bwana Miwani kwenye paji la uso.

"Mama Sauti, mimi..."

"Maana hata kwenye faili sahihi hakuna ngoma. Hakuna hata moja."

Jikoni, binti yake Mama Sauti aliyekuwa akiosha vyombo aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa.

"Nisamehe," Bwana Miwani alisema. "Nilitaka kukufurahisha."

"Ungenifurahisha kwa kulifungua. Mtu akikaa kwenye kile kiti cha dukani kwako unamwambiaje? Si unamwambia, usibahatishe, kama herufi huioni sema huioni? Hata mimi uliniambia hivyo. Mbona wewe umebahatisha?"

Bwana Miwani alikizungusha kikombe chake mezani.

"Marehemu mume wangu aliuchukia muziki huu," Mama Sauti aliendelea. "Alikuwa akisema, zima hayo makelele, nami nikihamia stoo na hedifoni zangu. Niliumia, lakini nilijua nimesimama wapi. Wewe unaniambia ni asali, kumbe hata kidole hujachovya! Kesho ukiniambia unanipenda, nitajuaje kama umenifungua?"

"Nipe nafasi nyingine."

"Chai yako imepoa. Nenda nyumbani."

Akaenda. Kofia aliisahau kwenye kochi, na hakuthubutu kurudi kuichukua.

Mama Sauti hakuzaliwa na jina hilo. Ujanani alikuwa opereta wa simu, mmoja wa wale mabinti waliokaa mbele ya mitambo, waya mkono huu na waya mkono ule, wakisema, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Mitambo ilipobadilishwa na kazi ikaisha, alirudi nyumbani na masikio yaliyogoma kustaafu. Alinunua kinasa sauti kidogo kinachoingia mfukoni, akaanza kuokota sauti kama wengine wanavyookota kuni. Kitasa cha mlango. Lifti mbovu. Mkasi wa kinyozi. Akifika nyumbani anaziingiza kwenye kompyuta, anazikata vipande vipande, anavirefusha, anavigeuza nyuma mbele, anavipanga na kuvipangua mpaka kinatoka kitu ambacho sikio halijawahi kukutana nacho. Yeye alikiita muziki. Majirani walikiita "mambo ya Mama Sauti", na kwa sababu walimpenda, walifunga madirisha yao polepole asisikie.

Jioni ile simu yake ilianza kuita. Hakupokea. Meseji zikafuata.

"Mama Sauti, nimekosa. Nitumie faili sahihi, nitalisikiliza sasa hivi."

Kimya.

"Naomba hata unitukane."

Kimya.

"Kofia yangu iko kwako, lakini si ya haraka."

Hiyo ya tatu ilimfanya Mama Sauti atabasamu bila kupenda. Akaiweka simu kifudifudi.

Kesho yake Bwana Miwani alikwenda kwenye duka la dawa alikofanya kazi binti wa Mama Sauti. Alisubiri foleni kama mgonjwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Mama hajambo. Wewe ndiye nakuona una jambo. Unaumwa nini?"

"Aibu."

"Hiyo haina kidonge." Binti aliegemea kaunta akashusha sauti. "Mzee wangu, hivi kwa nini hukulifungua? Kubonyeza tu!"

"Niliogopa. Aliwahi kunisikilizisha ule wa milango, unaukumbuka?"

"Nani atausahau ule!"

"Kichwa kiliniuma siku nzima. Basi nikajiambia, na huu nisipoupenda je? Nikisema ukweli, nitamkosa."

"Ukasema uongo, ukamkosa vilevile."

Bwana Miwani akainamisha kichwa. "Mwambie kwamba..."

"Hapana, mzee. Hapo simo. Mimi nauza dawa, sibebi salamu. Lakini Jumamosi mchana anaupiga muziki huo mbele ya watu, kwenye ukumbi wa maktaba. Ni mara yake ya kwanza. Juzi alikuwa anashona tena kifungo cha gauni ambacho hakijang'oka, ujue jinsi anavyoogopa. Mlango uko wazi kwa kila mtu."

"Atanifukuza."

"Atakuwa na kazi mikononi, hatakuwa na muda wa kukufukuza. Haya, mzee, nyuma yako kuna mtoto ana homa."

Jumamosi ilipofika, ukumbi wa maktaba ulijaa nusu. Mkutubi, mama mmoja mnene mwenye bashasha, alikuwa amepanga viti kwa matumaini makubwa kuliko watu waliokuja. Mbele kulikuwa na meza, na juu yake kompyuta, mashine ndogo yenye vitufe vingi, na waya zilizokwenda kwenye spika mbili. Mama Sauti alikaa nyuma ya meza hiyo katika gauni la bluu, mgongo wima, kama amerudi kazini kwenye mitambo ya simu.

Bwana Miwani aliingia wa mwisho, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Mama Sauti alimwona. Hakuonyesha.

Muziki ukaanza.

Ulianza vibaya. Chuma kilikwaruza chuma, kikakwaruza tena, juu ya sauti hiyo kikaja kitu kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Meno ya Bwana Miwani yalikufa ganzi. Mzee aliyekaa pembeni yake alinyanyuka, akaomba njia, akaondoka. Bwana Miwani aliutazama mlango. Akautazama tena. Kisha akazishika kingo za kiti kwa mikono miwili, akabaki.

Chuma kikanyamaza taratibu. Zikaja sauti ndogo, laini, moja moja, halafu nyingi. Hhh. Hhh. Mwanzoni alidhani ni upepo. Akasogea mbele kwenye kiti. Mkono wake ukaenda mdomoni wenyewe, na hakuuondoa mpaka sauti zile zilipoisha.

Kisha muziki ukakatika ghafla, kama umeme umekatika. Watu wakasitasita, halafu wakapiga makofi.

"Jamani, ahsanteni!" Mkutubi alisimama. "Mwenye maoni aseme. Msimuonee aibu, hang'ati."

Kijana mmoja alisema ni kazi nzuri sana. Mwanamke mmoja alisema naye kwamba ni nzuri sana, inafundisha. Mama Sauti aliwashukuru wote kwa adabu, na uso wake haukubadilika.

Bwana Miwani akasimama.

"Mimi mwanzo wake sikuupenda," alisema.

Vichwa vyote vikageuka. Binti wa Mama Sauti, aliyekaa mstari wa mbele, alifumba macho.

"Kile chuma kiliniumiza. Nilitamani kutoka, niliutazama mlango mara mbili. Na kama ningekuwa na uwezo ningekikata, kibaki nusu yake. Lakini pale kati... Zile ni pumzi za watu, sivyo? Mtu anavuta pumzi anataka kusema, halafu neno lenyewe halisikiki."

Mama Sauti aliacha kuchezea waya.

"Mimi napima macho. Kila siku nakaa kwenye chumba cha giza, pua yangu na pua ya mtu hazijaachana shubiri, nammulika. Na kila mtu hushika pumzi. Miaka yote hii nimekuwa nikizisikia hizo pumzi, sikuwahi kuzisikiliza. Leo nimezisikiliza. Nikakumbuka kwamba majuzi na mimi nilivuta pumzi hivyo hivyo mbele ya mtu ninayempenda, nikiwa na ukweli mdomoni, halafu nikatoa uongo. Mwisho wake sijauelewa. Siwezi kusema ni mzuri, siwezi kusema ni mbaya. Basi. Ahsante."

Akakaa.

"Ni pumzi kweli," Mama Sauti alisema mwishowe, na alikuwa akiongea na kiti cha nyuma peke yake. "Niliwaomba ndugu na majirani wanisimulie siku walipompigia simu mtu waliyempenda kwa mara ya kwanza. Kisha nikayakata maneno yote, nikabakiza pale wanapovuta pumzi kabla ya kuanza. Nilipokuwa opereta, hicho ndicho nilichokisikia kuliko maneno. Hakuna mtu aliyewahi kukitambua bila kuambiwa. Na huo mwisho, hata mimi sina uhakika nao."

Watu walipoondoka, Bwana Miwani alibaki akikunja viti bila kuombwa. Mama Sauti alikuja akashika kiti upande wa pili.

"Kwa hiyo chuma kimekuumiza."

"Sana. Nisikudanganye."

"Unajua ni chuma gani kile?"

"Cha nini? Treni?"

"Ni mashine yako ya kusagia vioo. Siku niliyokuja kuchukua miwani nilikuomba nikae karibu nayo kidogo, ukasema kaa tu, mama. Nilikuwa na kinasa sauti mkononi."

Bwana Miwani aliganda. "Ile mashine yangu ndiyo inalia vile?"

"Vile vile. Tena nimeipunguza kidogo."

"Masikini wateja wangu!"

Mama Sauti alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko tu.

"Hujaniuliza tena," alisema.

"Nakuuliza nini?"

"Lile la kwenye kochi."

Bwana Miwani alikiweka kiti chini. Hakupiga magoti, kwa sababu magoti yake hayakuwa ya kutegemewa.

"Mama Sauti, nataka tuishi wote. Sitakuahidi kukipenda kila unachotengeneza. Nakuahidi kukisikiliza."

"Na ukikichukia?"

"Nitasema."

"Na nikinuna?"

"Utanuna, nitapika mimi."

"Basi nimekubali," Mama Sauti alisema. "Lakini ujue napenda kula vizuri, na huwa nanuna mara nyingi."

Binti, aliyekuwa amejificha nyuma ya rafu ya vitabu, alipiga kigelegele kilichomfanya mkutubi aliyezoea kuwanyamazisha watu miaka yote naye apige cha kwake.

Walifunga ndoa asubuhi moja ya jua zuri, mashahidi wakiwa binti na mkutubi. Mchana kukawa na chakula nyumbani kwa Bwana Miwani, viti vimepangwa uani, ndugu wa pande zote mbili wakitazamana na kupimana kama ilivyo kawaida ya ndugu.

Kabla ya chakula, bwana harusi alimvuta mkewe pembeni.

"Mke wangu, nina jambo."

"Sema."

"Nakuheshimu na kazi yako naiheshimu. Lakini leo, leo tu, tuwapigie watu nyimbo za kawaida. Wakisikia zako kabla hawajanawa, hawatakula."

Mama Sauti aliweka mikono kiunoni.

"Na wewe ungekula?"

"Mimi ningekula. Ningekula haraka, lakini ningekula."

Alicheka, akamwita binti yake aweke nyimbo za watu. Zikapigwa. Mashangazi wakainuka, watoto wakajaa katikati ya uwanja, na maharusi wakasukumwa wafungue dansi. Bwana harusi alikwenda kushoto muziki ulipokwenda kulia. Alimkanyaga bibi harusi mguu, akaomba radhi, akamkanyaga ule mwingine.

"Mume wangu," Mama Sauti alimnong'oneza, "unacheza vibaya sana."

"Najua," Bwana Miwani alijibu, akimshika kiuno vizuri zaidi. "Ahsante kwa kuniambia."