Dhania ya Maji ya Mtaro

Kila akitoka shule, Hope alibeba mtungi kwenda bombani. Maji hayo yalikuwa ya kumwagilia gunia la mboga lililosimama mlangoni mwao, katika mtaa wa mabanda wa Gatwekera. Ubavuni mwa gunia iliota sukuma wiki, na juu dhania ya mama. Foleni ya bomba ilikuwa haisongi, na mtaro wa majitaka ulipita papo hapo nyuma ya nyumba.

"Wee Hope, unajisumbua nini?" rafiki yake Ngina alimcheka. "Kwani mboga inajua maji imetoka wapi? Chota hapa, twende tukaruke kamba!"

Hope akachota mtaroni. Dhania ilinawiri hadi majirani wakaisifu. Si mama huiosha kwa maji safi na chumvi? Hope alijiambia hivyo kila mara.

Jumapili mama alikata kachumbari. Hope alichambua dhania yake akaitupa kando, lakini mdogo wake Billy alikula mpaka akaramba sahani. Kabla ya juma kuisha, Billy alikuwa akihara damu, macho yameingia ndani.

Kwenye kliniki, muuguzi Mutanu aliuliza, "Mtoto amekula nini?"

"Chakula cha nyumbani tu, sista," mama alijibu. " Maji nachemsha, mboga naosha mwenyewe."

"Hakuna kitu kibichi?"

Hope alijua jibu. Lakini alikiogopa kiboko cha mama. Kisha Billy akalia, sauti nyembamba kama ya paka aliyenyeshewa, na Hope akakumbuka jeneza dogo la mtoto lililopitishwa juzi kando ya reli.

"Sista, ni mimi! Dhania niliimwagilia maji ya mtaro!"

Mama alishika kichwa. "Lakini niliiosha!"

"Mama Hope, kuosha hutoa kilicho nje," alisema Mutanu akiandaa dripu. "Kuna bakteria wanaoingia kupitia mizizi, au pale jani limechubuka, wakakaa ndani ya mmea wenyewe. Jani halinyauki wala halinuki. Utaliosha ndani vipi? Dawa yao ni moto wa kupikia."

Hofu haikuwatoka mpaka Billy alipoomba uji.

Nyumbani, mama hakumpiga Hope. Aling'oa dhania yote, akamwaga na udongo wake.

"Uchafu ninaouona naukwepa, mwanangu," alisema. "Lakini huu ulijificha ndani ya jani zuri, nikamlisha mtoto wangu kwa mkono wangu. Kama ungenyamaza, tungemzika. Ukikosea, niambie mapema, hata kama unaniogopa."

Hope aliinua mtungi, akaenda kupanga foleni bombani.