Matanga Yaliyochelewa

Jumamosi duka la vyakula vya Kiafrika la Saint-Josse, Brussels, hujaa mpaka mlangoni, na ndani ya friji ilikuwa imebaki pakiti moja tu ya sombe, majani ya muhogo. Mikono miwili ikaishika pamoja. Mmoja ulikuwa wa Régine, mlezi wa wazee kule Laeken, kitenge cha manjano kikichungulia chini ya koti lake. Wa pili ulikuwa wa Éliézer, fundi wa maabara ya chuo kikuu, mrefu, miwani imejaa ukungu.

"Achia, papa. Ni mimi nilianza kuishika."

"Bon, tuigawanye."

"Nigawanye sombe na muntu sijue hata jina lake?"

"Éliézer. Niko natoboa barafu, kule Pôle Sud, ncha ya kusini ya dunia."

"Barafu si iko hapa kwa frigo?"

"Chini ya ile kuko ziwa, maman. Presque mille mètres, karibu mita elfu. Halijaona jua tangu zamani, na bado kuko vidudu vinaishi ndani."

Régine alicheka mpaka akaiachia pakiti. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki; haikuchukua muda kanisa lao zima likajua.

Desemba Éliézer akasafiri kwenda kwenye barafu yake. Januari mama yake Régine akafariki Bukavu, na Régine akapiga simu ya setilaiti ya kambini.

"Mama amekufa, Éliézer."

"Pole sana, chérie. Lakini tuko natoboa na maji ya moto, tukisimama tundu litafunga kwa barafu. Nitakupigia."

Dhoruba ikakata mawasiliano wiki nzima. Huku Brussels watu walikaa matanga katika ukumbi wa kukodi, naye Régine akagawa chai, macho makavu. Éliézer alipopiga hatimaye, Régine hakupokea. Aliendelea kuwaogesha wazee wake na kuwatabasamia. Chakula hakikuwa na ladha. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Machi Éliézer akabisha mlangoni, suti mpya, pete mkononi.

"Tulilifikia ziwa, Régine! Maji yalipopanda nilikufikiria wewe tu. Nataka nikuoe."

Régine aliitazama pete kama tikiti ya basi iliyokwisha kutumika.

"Unanichukia?"

"Apana. Ningekuchukia, ingekuwa afadhali. Sisikii kitu."

Hapo ndipo Éliézer, naye mwana wa Bukavu, alipokumbuka adabu za kwao. Asiyekalia msiba hazungumzi ndoa. Aliirudisha pete mfukoni, akaondoka.

Kesho yake alirudi na sukari, sombe na mkeka. Akavua viatu, akakaa chini sebuleni kama watu wa matanga. Kila alipotoka kazini alifanya hivyo. Régine alimruka akienda jikoni, akamruka akirudi, kama anaruka kiti.

Jumapili Éliézer akauliza taratibu, "Maman alikuwa anapikaka sombe namna gani?"

"Alikuwa anaitwanga yeye mwenyewe. Halafu anatia mawese, na biringanya, na..."

Sauti ikakatika. Machozi yakaja, mengi, yakimuuma kama vidole vilivyotolewa kwenye barafu. Akaanguka mkekani.

"Inauma, Éliézer! Inauma!"

"Lia, chérie. Niko hapa."

Simu ya Éliézer ikaita. Walikuwa watu wa maabara, kuhusu safari nyingine.

"Pokea," Régine akasema katikati ya kwikwi. "Ziwa yako inakuita."

Éliézer akaizima. "Nitawapigia."

Régine akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Na pete?"

"Iko kwa mufuko."

"Ibaki kwanza humo. Matanga haijaisha." Akamsogezea mto. "Na wewe ubaki."