Gauni la Kijani la Mwanakope

Foleni ya onyesho la saa nane mchana ilikuwa imetoka mlangoni, ikapita duka la viatu, ikakunja kona. Ofisi zimefungwa kwa sikukuu za mwisho wa mwaka, watu wana muda, na kama kawaida ya msimu huo ukumbi mkongwe wa sinema ulikuwa unaonyesha filamu za zamani wiki mbili mfululizo. Katikati ya foleni alisimama fundi cherehani mmoja, daftari mkononi, penseli nyuma ya sikio, na sindano mbili alizozisahau kwenye mkono wa blauzi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hakuona sababu ya kumweleza mtu kwa nini anaitazama filamu ileile kwa mara ya nne.

"Pisheni, jamani, pisheni! Mwanakope anapita!"

Aliyepiga kelele alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limekunjwa hadi kwenye viwiko, amebeba mikebe ya bati iliyopangana mpaka kidevuni. Akapenya, akayumba, akamgusa fundi cherehani kwenye mkono wenye sindano, kisha akaruka.

"Mama yangu! Dada, umevaa silaha?"

"Nimevaa kazi yangu. Wewe je, umebeba masufuria?"

"Nimembeba Mwanakope mwenyewe. Mikanda minane. Bila mimi leo mtatazama ukuta."

Mwanakope ndilo jina ambalo watazamaji walimpa yule nyota wa zamani kwa ajili ya kope zake, ambazo akizishusha tu, ukumbi mzima unashusha pumzi. Mpenzi wake kwenye filamu walimwita Masharubu, na hilo halihitaji maelezo.

"Basi nipitishie salamu," fundi cherehani akasema. "Mwambie nimekuja kulitazama vizuri lile gauni lake la kijani."

Yule bwana akasimama pale pale, mikebe ikatetemeka. "La rangi gani?"

"Kijani."

"Dada yangu, filamu hii ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Nimeionyesha kila sikukuu kwa miaka kumi na moja. Kijani umekiona wapi?"

"Wewe unatazama picha, mimi natazama kitambaa. Lingekuwa jekundu, lingetoka jeusi tititi. Lingekuwa la buluu, lingepauka. Kile ni kijani cha chupa. Mwenye macho haambiwi tazama."

Watu wa foleni wakacheka, na yeye akacheka nao. Alikuwa na pengo dogo kati ya meno ya mbele, na fundi cherehani, aliyekuwa ameapa kutoangalia meno ya mwanamume yeyote mwaka huo, aliliona vizuri sana.

Ndivyo alivyofahamiana na Fundi Mtambo, kama watu walivyomwita yule mbeba mikebe.

Mapenzi yao yalikatwa vipande vya dakika kumi na nane. Ukumbi ule ulikuwa na mtambo mmoja tu wa kuonyeshea, na mkanda mmoja ulidumu dakika kumi na nane. Ukiisha, giza linaingia kwa nusu dakika, watu wanapiga miluzi na kuita "Fundi, mkanda!", naye anachomoa huu na kuchomeka ule. Kila mkanda unapokaribia kuisha, anapiga simu.

"Kijani wangu, unafanya nini?"

"Napindisha shingo ya gauni. Na nani kakwambia mimi wako?"

"Nasikia cherehani imenyamaza kila ninapopiga. Hiyo ndiyo iliyoniambia."

"Imekatika uzi, usijisifu."

"Uzi wako unakatika kila baada ya dakika kumi na nane? Badilisha duka. Subiri, nabadilisha mkanda, usiende popote."

Naye hakwenda popote. Alikaa na simu begani, mguu juu ya kanyagio, akasikia miluzi ya ukumbi mzima ikimwita mtu ambaye sekunde chache zilizopita alikuwa anamwita yeye. Alimpenda. Hakujidanganya kuhusu hilo hata siku moja.

Nyumbani hawakupenda. Shangazi yake, ambaye alikuwa na jibu la kila swali na swali kwa kila mtu, alisema mwanamume anayefanya kazi gizani ana jambo analificha. Yeye alikuwa na mchumba tayari kwa ajili ya mpwa wake: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mzima, nyumba ya ghorofa moja.

"Mvumilivu hula mbivu, mwanangu. Umevumilia, sasa kula."

"Mbivu nyingine zimeoza, shangazi," akajibu, akaendelea kushona. Kitambaa kilikuwa cha kijani cha chupa. Alikuwa ameamua kulishona gauni la Mwanakope mshono kwa mshono.

Jumanne ya wiki ya pili alipanda kwenye chumba cha mtambo na gauni likiwa nusu, kwa kuwa alitaka kuuona kwa karibu, kwenye mkanda wenyewe, mkunjo wa mgongoni wa gauni la Mwanakope. Chumba kilikuwa chembamba, cha joto, kinanuka mafuta ya mashine na vumbi lililoungua. Mikebe minane ilipangwa kwenye rafu kwa namba. Fundi Mtambo hakuwahi kukosea mpangilio wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake mjini, na ndiyo aliyojivunia.

"Hebu livae juu ya nguo zako, nilione," akasema.

Akalivaa. Mgongoni lilishikwa na pini tu. Fundi Mtambo akamtazama, akasahau mtambo. Chini watu wakaanza kupiga miluzi. Mkanda wa nne ulikuwa umekwisha. Akanyoosha mkono rafuni bila kugeuza macho, akachomeka mkanda.

Sasa, kila mtu mle ndani aliijua filamu ile. Kwenye mkanda wa tano Masharubu anamshuku Mwanakope bure, wanagombana, anamwacha kituo cha treni. Kwenye mkanda wa sita anarudi, anampigia magoti pale pale kituoni, wanakumbatiana. Fundi Mtambo alikuwa amechomeka wa sita.

Ukumbi ukalipuka.

"Wamepatana kabla ya kugombana!" mtu akapaza sauti. "Fundi, umeoa leo?"

Ngazi zikaanza kutikisika. Aliyekuwa anapanda alikuwa Mama Mwenye Ukumbi, na funguo zake zilisikika kabla yake. Fundi Mtambo akamsukuma mpenzi wake taratibu kwenye mlango wa ngazi ya nyuma, akaurudishia. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Miaka kumi na moja!" Mama Mwenye Ukumbi alifoka. "Kuna nani humu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Nimesikia sauti ya mwanamke."

"Hakuna mtu, nakuapia. Kosa ni langu peke yangu."

Nyuma ya mlango, pini moja ilikuwa inamchoma fundi cherehani mbavuni. Hakuitoa. Alishuka ngazi moja moja, akatokea kwenye kichochoro cha mapipa ya taka, akatembea hadi nyumbani na gauni la nyota juu ya sketi yake ya kazi, watu wakimgeukia.

Simu ikaita jioni ileile.

"Kijani, nisikilize. Mama Mwenye Ukumbi aliniambia siku nyingi, mgeni akionekana kule juu kibarua changu kinaota nyasi. Nilikuwa nakulinda na wewe pia, watu wasiseme."

"Ulinilinda kwa kunifuta?"

"Ni neno tu lilinitoka."

"Lilikutoka mara mbili, na mara ya pili uliapa. Sasa sikiliza wewe. Mimi nilipita sokoni na lile gauni mchana kweupe, na kila aliyeniuliza nimetoka wapi nilimwambia nimetoka kwako. Sikuona haya. Wewe uliulizwa na mtu mmoja tu, ukanikana. Usinipigie."

Akapiga. Kila baada ya dakika kumi na nane simu iliwaka juu ya meza ya kushonea, ikazimika, na fundi cherehani alilia pale pale bila kusimamisha cherehani, mpaka mshono wa mkono wa kushoto ukaenda upande na ikabidi aufumue. Shangazi alipouliza tena habari ya mwenye duka la ujenzi, akajibu kwa hasira ambayo haikumhusu shangazi, "Aje! Aje hata Jumapili."

Asubuhi ya Jumapili akapata ujumbe: *Leo saa nane ni onyesho la mwisho la sikukuu. Usipande juu. Kaa chini, mbele ya watu. Nina neno.* Akausoma, hakujibu. Lakini alipokuwa anajiandaa kumpokea mgeni, nguo aliyoitoa kabatini ilikuwa gauni la kijani. Lilikuwa limekamilika: shingo pana, kiuno kimekamatwa, mkunjo wa mgongoni ukianguka hadi kwenye visigino.

"Hilo ni la mezani?" shangazi akanong'ona.

"Ni la mwili wangu, shangazi."

Mgeni alikula vizuri, akasifu kuta, akauliza zimejengwa kwa tofali gani. Kisha akaweka kijiko chini, akaanza kupanga maisha.

"Mke wangu hatahitaji kushona. Cherehani tutaiuza au tutaigawa. Na hizi sinema nilizosikia unazipenda, zile za marehemu wa zamani, hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Yataisha yenyewe."

Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Fundi cherehani akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini na tano. Akasimama.

"Bwana, karibu tena kwa chakula, lakini si kwa ajili yangu. Cherehani haiuzwi. Na wale marehemu wanajua kumwomba mwanamke msamaha kwa magoti. Wewe hata maji hukuniomba, ulisema tu 'maji'."

"Kaa chini!" shangazi akafoka. "Unakwenda wapi? Kwa yule aliyekukana?"

"Ndiyo, kwa yule yule. Kama ana neno, atalisema nikiwa nimekaa mbele yake. Kama hana, nitatazama filamu yangu na kurudi. Kwa vyovyote, hapa sichaguliwi tena kama mbao."

Mama yake, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema zaidi ya "karibu" na "ongeza", akafuta mikono, akachukua mkoba wake kwenye msumari.

"Wifi, mkirimu mgeni," akamwambia shangazi. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi namsindikiza mwanangu. Mwanakope sijamwona tangu nikiwa msichana."

Walifika taa zikizimwa, wakakaa safu ya nne. Mkanda wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Simu ya fundi cherehani haikuwaka hata mara moja. Mama yake alikuwa ameshalia mara mbili na kutafuna kitambaa chake cha mkono. Mkanda wa nne ukaisha, giza likaingia, miluzi ikaanza.

Picha ilipotokea, Masharubu alikuwa amepiga magoti kituo cha treni.

Ukumbi ukachachamaa. "Tena?" "Fundi, amka!" "Turudishie ugomvi wetu!" Fundi cherehani hakupiga kelele. Aliukamata mkono wa mama yake, kwa sababu alijua kitu kimoja ambacho wale wengine hawakukijua. Mara ya kwanza mtu yule hakuwa anatazama rafu. Leo hakukuwa na kitu chochote kule juu cha kumtoa macho kwenye rafu.

Mtambo ukazimika. Taa zote za ukumbi zikawaka. Mama Mwenye Ukumbi akasimama katikati ya njia, funguo mkononi.

"Wewe huko juu! Mara ya pili wiki moja! Yuko na nani safari hii?"

Kidirisha kidogo cha chumba cha mtambo kikafunguka. Kichwa cha Fundi Mtambo kikatokeza, uso umelowa jasho.

"Huku juu hakuna mtu, mama. Yuko huko chini, safu ya nne, mwenye gauni la kijani."

Vichwa mia tatu vikageuka.

"Jumanne alikuwa humu," akaendelea kwa sauti kubwa, "na nikaapa kwamba hakuna mtu. Niliogopea kazi. Leo mkanda nimeuchanganya kwa makusudi, ili uwashe taa na kila mtu amwone. Unifukuze, ni haki yako. Lakini kwanza acha niseme. Wewe mwenye gauni la kijani, mimi nilikukana mbele ya mtu mmoja. Nakuomba msamaha mbele ya hawa wote, na mbele yao nakuomba unioe... nikuoe... tuoane, vyovyote utakavyo!"

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Fundi cherehani akasimama, akalinyoosha gauni kiunoni polepole, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Lilikuwa la rangi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Gauni la Mwanakope. Waambie watu."

Fundi Mtambo, mtu wa miaka kumi na moja ya nyeusi na nyeupe, akatazama safu ya nne.

"Kijani."

"Kijani gani?"

"Kijani cha chupa!"

Wakapiga makofi wote, mpaka wale wa safu ya nyuma kabisa. Mama Mwenye Ukumbi akazungusha funguo zake kidoleni, akaketi kwenye kiti kitupu kando ya njia.

"Mama yangu ni huyu hapa, utamwomba yeye," fundi cherehani akasema. "Kwa upande wangu nimekubali. Sasa wawekee mkanda wa tano. Sisi tumeshagombana, wao bado."

Taa zilipozimika alikuwa tayari njiani, ameshika pindo la gauni kwa mkono mmoja, anapanda ngazi ya mbele.